Nani alimkagua aliyetuuzia? Uzi kuhusu chakula kutoka nje

Uzi wa leo ni mrefu, kwa hivyo tafuta chai kwanza.

Kila mara bei ya unga ikipanda, mjadala ni ule ule. Mwanasiasa mmoja anasimama juu ya gari anasema "wanatuletea sumu kutoka nje." Jioni mwenzake yuko kwa TV akisema hizo ni porojo za kulinda makateli. Sisi huku tunapigiana kelele kwenye maoni, bei inashuka shilingi kumi, tunasahau. Kama kawaida, kwa uzi huu hatutaji jina la mtu wala chama. Tunaangalia kilicho chini ya kelele.

Na chini ya hizi kelele kuna swali ambalo sijawahi kusikia likiulizwa kwa mdahalo hata mmoja. Mtu wa Nairobi anayeagiza mahindi, mchele, sukari au maziwa ya unga kutoka nchi nyingine, anajuaje kwamba aliyemuuzia ni wa kuaminika? Nani alienda kumwangalia? Lini? Na nani alimlipa huyo aliyeenda?

Nilijikuta kwa hii mada kwa sababu ya insha ya muhula. Nilidhani naandika kuhusu mipaka na ushuru. Nikaishia Nyamakima, kwa stoo ya mzee mmoja wa nafaka, nikihesabu magunia. Nitamrudia.

Kwanza tumalize ile imani kwamba "wapime tu pale bandarini, kwani shida iko wapi?" Mimi pia niliamini hivyo. Lakini chukua mahindi na aflatoksini, ile sumu inayotengenezwa na kuvu nafaka ikiwekwa na unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni, yaani gramu moja ndani ya tani 100. Lori la tani 28 ni kama magunia 311 ya kilo 90. Likifika hapo kwa mpaka likiwa na robo gramu hivi ya sumu, limekaribia kikomo. Robo gramu! Na hiyo sumu haijajipanga vizuri kila mahali kama sukari kwenye chai. Imekaa kwa punje chache, pengine kwa gunia moja lililonyeshewa. Ukidunga magunia matano na yote yakawa safi, umejua habari za magunia matano. Kuna njia za kuchukua sampuli vizuri, ukitoa kidogo kidogo kutoka sehemu nyingi, ukichanganya na kusaga. Zinasaidia sana. Lakini hakuna anayesaga lori zima.

Kuna pia shida ya pili: kipimo hupata tu kile kinachotafutwa. Mwaka wa 2008 huko Uchina, maziwa yaliongezwa maji, halafu yakatiwa melamini, kemikali ya viwandani, ili yakipimwa yaonekane yana protini ya kutosha. Kipimo cha kawaida kilikuwa kinahesabu naitrojeni, na melamini imejaa naitrojeni. Kwa hivyo maziwa yalipita mtihani. Watoto karibu 300,000 waliugua na angalau sita wakafa. Hakuna aliyekuwa akitafuta melamini kwenye maziwa, kwa nini angetafuta?

Ndiyo maana wanaoelewa hii kazi huanza na muuzaji kabla ya mzigo. Na hapa ndipo mambo yanakuwa matamu, kwa sababu kazi yenyewe inafanana sana na vile mama yako anachagua mahali pa kununua nyama.

Hatua ya kwanza ni kujiuliza chakula hiki kinaweza kuharibika vipi. Njugu na mahindi, unaogopa kuvu. Mboga, unaogopa dawa za kunyunyizia. Viungo vya unga, unaogopa kuchanganywa na rangi. Samaki, barafu ilikatika wapi njiani. Maziwa ya unga, vijidudu. Ukishajua unachoogopa, ndipo unajua cha kumuuliza muuzaji. Kuna waagizaji wanaotuma fomu moja ya maswali kwa kila mtu, awe anauza mchele au sardini. Hiyo fomu ni ya kujaza faili tu.

Halafu unaangalia rekodi yake. Mizigo yake imewahi kurudishwa? Hii si siri kubwa vile watu wanadhani. Umoja wa Ulaya una mfumo wa tahadhari za chakula unaoitwa RASFF, uko wazi kwenye intaneti, mtu yeyote mwenye bando anaweza kutafuta bidhaa iliyokataliwa, nchi ilikotoka na sababu. Marekani nao huchapisha orodha za bidhaa na kampuni zinazozuiliwa mipakani mwao. Mwagizaji wa Mombasa anaweza kusoma hizo zote usiku huu akiwa kitandani.

Kisha karatasi. Ah, karatasi. Kila muuzaji ana cheti. Kazi ni kukisoma. Cheti kimetajwa kwa jina la kiwanda kipi, hiki kinachokuuzia au kile kingine cha mjomba wake mjini? Kinahusu bidhaa gani? Maabara iliyopima imeidhinishwa kupima kitu hicho? Namba ya shehena kwenye ripoti ni ile iliyo kwenye magunia? Mzee wa Nyamakima alinionyesha nakala ya ripoti ya maabara aliyoletewa na broka, safi kabisa, mhuri na saini. Shida ni kwamba tarehe ya kupima ilikuwa ya Mei na mahindi yenyewe yalivunwa Julai.

"Haya yalipimwa kabla hayajazaliwa," akaniambia. Akairudisha kwa faili. Huwa hazitupi.

Mwisho, na hii ndiyo ghali, unaenda kuona kwa macho yako au unamtuma mtu. Huyu mzee hununua Uganda na kaskazini mwa Tanzania, na njia yake ni ya zamani. Anabeba chupa ndogo kavu na chumvi kavu. Anatia mahindi na chumvi, anatikisa. Chumvi ikishika kwa kuta za chupa, mahindi bado yana maji mengi. Lakini hata kabla ya chupa anaangalia stoo. Paa linavuja? Magunia yamekaa juu ya mbao au juu ya sakafu? Yamegusa ukuta? Wanaanika kwa turubai au chini kwa mchanga?

"Binti yangu, mimi sianzi na mahindi. Mahindi ya leo anaweza kunichagulia mazuri. Stoo hawezi kunichagulia."

Niliandika hiyo kwa insha yangu na mwalimu akaweka alama ya kuuliza pembeni. Sawa tu.

Sasa turudi kwa siasa. Swali la siasa ni: hii kazi ni hiari ya mzee mwenye chupa, au ni sheria?

Marekani walifanya iwe sheria. Mwaka wa 2011 walipitisha sheria mpya ya usalama wa chakula, na ndani yake kuna mpango unaomlazimisha mwagizaji mwenyewe kumthibitisha muuzaji wake wa nje. Ulianza kutekelezwa Mei 2017. Mwagizaji lazima aandike hatari za bidhaa, ampime muuzaji, achague njia ya kumfuatilia, aweke rekodi, na arudie tathmini angalau kila miaka mitatu. Pale ambapo hatari inaweza kuua au kuumiza vibaya, kawaida ni ukaguzi wa kiwandani kila mwaka, labda aweze kueleza kwa maandishi kwa nini njia nyingine inatosha. Serikali ikija, haifungui kontena tu. Inasema: nionyeshe faili lako.

Mnaona tofauti? Mzigo wa kuthibitisha umehamia kwa yule anayepata faida.

Lakini msishangilie bado. Mwaka wa 2023 huko huko Marekani, watoto wadogo walianza kupatikana na madini ya risasi kwenye damu. Maafisa wa afya wa jimbo la North Carolina waliokuwa wakichunguza watoto wanne ndio waligundua kinachowaunganisha: pakiti za tufaha zilizosagwa zenye mdalasini, zilizotengenezwa Ecuador. Kesi zilizohesabiwa baadaye zilipita 400. Mdalasini uliotumika ulipopimwa, sampuli moja ilikuwa na risasi zaidi ya sehemu 5,000 kwa milioni. Kwa milioni, si kwa bilioni. Vijiti vya mdalasini vyenyewe vilitoka Sri Lanka na havikuonekana na shida. Shida iliingia viliposagwa na kampuni nyingine hapo Ecuador, kabla ya kufika kwa kiwanda cha tufaha.

Yaani kulikuwa na muuzaji wa muuzaji. Na wakala wa chakula wa Marekani ukasema wazi kwamba mamlaka yake ni madogo kwa kampuni ya nje ambayo haisafirishi bidhaa moja kwa moja hadi kwao. Ile sheria nzuri yote, na mnyororo ukakatika kwa pete moja nyuma ya ile iliyokuwa ikiangaliwa. Nimewapa mfano huu kwa sababu kuna jamaa kwenye maoni ya uzi uliopita alisema "tunakili tu sheria za Marekani tulale." Pole, hatulali.

Na sisi je? Tangu 2005 KEBS ina mpango wa kuthibitisha bidhaa kabla hazijapakiwa. Kampuni za ukaguzi zilizopewa kandarasi huangalia bidhaa huko zinakotoka na kutoa cheti cha kulingana na viwango. Mimea na nafaka zina KEPHIS, ambayo hutoa kibali cha kuagiza kabla mzigo haujaanza safari na kutaka cheti cha afya ya mimea kutoka nchi ya asili. Afya ya bandari, chini ya Wizara ya Afya, wanaangalia kama chakula kinafaa kuliwa. Kwa majirani kuna utaratibu mwingine: alama za ubora za nchi za Afrika Mashariki zinatambuana, kwa hivyo bidhaa yenye alama ya Uganda au Tanzania haifai kuanza upya hapa, na yetu haifai kuanza upya kule.

Kwa karatasi si mbaya. Maoni yangu, na mnaweza kunipinga: mfumo wetu unauliza sana "huu mzigo una cheti?" na unauliza kidogo "wewe mwagizaji, unamjua vipi huyu mtu?" Tena gharama ya ule ukaguzi wa kabla ya kupakia kwa kawaida hulipwa na upande wa muuzaji. Sisemi ni rushwa. Nasema ukilipwa na unayemkagua, lazima kuwe na mtu mwingine anayekukagua wewe, na wananchi wamwone.

Tukikosa hilo, tunapata 2018. Wale mliokuwa high school mnakumbuka sukari. Afisa mmoja mkubwa anasema ina zebaki, mwingine anasema haina, kamati inaita huyu, inaita yule. Mama mboga mtaani kwetu akaacha kuuza sukari ya kupima wiki mbili kwa sababu hakuna aliyenunua. Mjadala mzima ulikuwa kuhusu kilichomo kwenye gunia. Nani alimwidhinisha muuzaji, kwa rekodi gani, hilo lilipita kando.

Halafu Machi 2021. Mamlaka ya Kilimo na Chakula, AFA, ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu. Siku chache tu baadaye, baada ya kelele za kidiplomasia, marufuku ikaondolewa na masharti yakawekwa: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha aflatoksini iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni, maghala yajulikane, na kuwe na cheti cha asili kinachosema mahindi yalilimwa wilaya gani.

Watu wengi walisoma hiyo kama "serikali imerudi nyuma." Mimi nasoma tofauti. Marufuku ilikuwa inahukumu nchi nzima. Masharti yalikuwa yanamhukumu muuzaji. Kati ya hizo mbili, ya pili ndiyo ina akili, kwa sababu kuvu haina pasipoti. Msisahau mwaka wa 2004 watu 125 walikufa kwa aflatoksini hapa kwetu, wengi wakiwa Makueni na Kitui, kwa mahindi yaliyolimwa na kuwekwa hapa hapa. Na mwisho wa 2019 KEBS ilisimamisha aina tano za unga uliosagwa nchini. Anayewaambia sumu ni ya kigeni anawauzia kitu.

Lakini masharti nayo yana bei, na hapa ndipo nilianza kuona ugumu. Nilimuuliza mzee masharti yalibadilisha nini kwake. Akatoa daftari lake. Kila ukurasa ni muuzaji: jina, simu, mahali, alivyopata stoo, siku aliyompata na mahindi mabichi. Kurasa kadhaa zimepigwa mstari. Mmoja ni wa mama aliyekuwa akinunua kijiji kwa kijiji, debe hapa, gunia pale, kisha anaunganisha. Mahindi yake, mzee anasema, yalikuwa makavu kuliko ya wengi. Lakini akiulizwa yametoka wilaya gani, jibu lilikuwa wilaya tatu. Hakuna karatasi ya jibu kama hilo. Sasa mzee ananunua kwa mtu mwenye ghala kubwa na mashine ya kukausha.

"Yule mama yuko wapi?" nikauliza.

"Simu yake ilibadilika."

Hiyo ilinikumbusha nyumbani, kwa sababu sisi pia ni muuzaji wa nje wa mtu. Shangazi yangu wa Kirinyaga alikuwa akilima mishiri ya kupeleka Ulaya, robo ekari tu. Mwanzoni mwa 2013 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba mishiri na minji ya Kenya ipimwe kwa kiwango cha asilimia 10 ya mizigo, kwa sababu walikuwa wamepata mabaki ya dawa kama dimethoeti. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Nilichojua mimi ni kwamba jamaa wa kampuni alianza kuja na fomu. Una stoo ya dawa yenye kufuli? Una choo na maji ya kunawa shambani? Umenyunyizia lini, dawa gani, na umengoja siku ngapi kabla ya kuvuna? Aonyeshe kwa maandishi.

Majirani wengi waliachwa msimu huo. Si ati walikuwa wanatumia dawa vibaya kumliko yeye. Hawakuwa na kitu cha kuonyesha. Shangazi alibaki kwa sababu alinipa daftari langu la hesabu lililobaki nusu na mimi nikawa nikitoka shule naandika: tarehe, jina la dawa nikilinakili kutoka kwa chupa herufi kwa herufi, siku za kungoja. Yule jamaa alipokuja alikuwa anasoma mwandiko wa mtoto wa darasa la nne, anaweka sahihi chini.

Mwagizaji aliyekuwa London au Amsterdam hajawahi kujua hilo. Kwake shangazi alikuwa namba kwenye orodha ya wakulima walioidhinishwa. Lakini mlaji wake alilindwa kweli, nafikiri. Kabla ya lile daftari, shangazi mwenyewe anakiri, siku za kungoja zilikuwa zinategemea kama ada ya shule imefika.

Kwa hivyo mtu akisema kwa mdahalo "masharti makali yanaua wafanyabiashara wadogo," hasemi uongo. Na anayesema "bila masharti tutakula sumu" hasemi uongo pia. Wanachokosa wote ni swali la nani analipia daftari. Serikali ya kaunti ikiweka mashine ya kukausha ya kukodi na kipima unyevu kwenye soko la mpakani, yule mama wa debe anaweza kubaki kwenye biashara. Ushirika ukisajiliwa kama muuzaji mmoja, wilaya tatu zinaweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Haya ni mambo ya bajeti, na bajeti ndiyo siasa yenyewe. Mgombea akija kwenu na "nitapiga marufuku," muulize atampima nani baada ya marufuku kuisha.

Kitu kingine. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mlaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na pia haki ya habari anayohitaji. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Nimeandika barua kwa ofisi moja ya umma. Nimeuliza maswali matatu: ni waagizaji wangapi wa mahindi wamesajiliwa sasa, wangapi wamewahi kuondolewa kwenye orodha, na kwa sababu gani.

Siku 21 zinaisha Alhamisi ijayo. Wakijibu nitaweka hapa barua nzima. Wasipojibu nitaweka nakala yangu yenye mhuri wa kupokelewa, halafu tuanze uzi wa rufaa.

Na wewe unayeuza nafaka Busia, Namanga au Taveta, niandikie kwa siri tafadhali. Nataka kujua ni nani mara ya mwisho aliingia kwa stoo yako, na aliangalia nini.